Fahamu: Kwa nini siku 60 ni muhimu kwa mwenye uvimbe kwenye titi

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Mwaka 2022 iliua takriban watu 670,000 duniani, ilhali ikigunduliwa mapema hutibika.

Lengo la siku 60 limetoka wapi?
Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mpango wenye malengo matatu: zaidi ya asilimia 60 ya saratani hizi zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu.

Nyansiongo je?
Mchuma chai wa Nyansiongo, Nyamira, akigusa uvimbe, safari huanzia zahanati, kisha rufaa, pengine hadi Kisii, Eldoret au Nairobi. Kila hatua hula nauli na siku za kazi. Na kwa kuwa uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, ni rahisi kungoja.

Ufanye nini?
Ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda kituo cha afya wiki hii. Uliza majibu yatatoka lini. Mama, dada, usingoje maumivu.