Je, Wajua? Bill Travers na Simba wa Meru

Mwigizaji Mwingereza Bill Travers alifariki tarehe 29 Machi 1994, akiwa na umri wa miaka 72. Uingereza ilimjua kwa filamu nyingi. Meru inamjua kwa moja tu, Born Free ya mwaka 1966, na kwa yale aliyoyafanya baada ya kamera kuzimwa.

Je, wajua kwamba alikuwa mwanajeshi kwanza?
Travers alizaliwa mwaka 1922. Katika Vita Vikuu vya Pili alitumikia pamoja na Wagurkha, askari kutoka Nepal, akarushwa kwa mwavuli hadi Malaya nyuma ya majeshi ya Japani. Jina lake lilivuma mwaka 1955 katika filamu ya Geordie, akiigiza kijana wa Uskoti aliyekuwa dhaifu akajijenga mwili hadi akarusha nyundo katika Olimpiki.

Je, wajua kwamba filamu ya simba wa Meru haikupigwa Meru?
Ilipigwa upande wa pili wa Mlima Kenya, karibu na Naro Moru. Elsa halisi, simba jike anayesimuliwa katika filamu hiyo, ndiye aliyekuwa wa Meru. Alilelewa na wanandoa George na Joy Adamson, wakamwachilia porini kando ya mto Ura, akazaa watoto watatu. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kaburi lake limo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru, upande wa lango la Ura, wanakoingilia wasafiri watokao Embu kupitia Tharaka.

Je, wajua kwamba mke wa kwenye filamu alikuwa mke wa nyumbani?
Travers aliigiza George, naye Virginia McKenna akawa Joy. Walikuwa wameoana tangu 1957. Kazi na simba haikuwa mchezo: McKenna alivunjika kifundo cha mguu wakati wa upigaji picha. Wakenya Peter Lukoye na Omar Chambati waliigiza Nuru na Makkede, wasaidizi wa kina Adamson. Muziki wa filamu hiyo ulinyakua Oscar mbili.

Je, wajua kwamba simba wengi wa filamu waliishia kizuizini?
Filamu ilihubiri uhuru, lakini wengi wa simba walioiigiza walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Watatu walinusurika: Boy, Girl na Ugas. George aliwapeleka Meru na kuwafundisha kuwinda, kambi yake ikiwa kwenye kilima cha Mughwango. Travers alirudi na kamera kurekodi kazi hiyo katika filamu ya hali halisi, The Lions Are Free.

Je, wajua kwamba uhuru huo ulikuwa na gharama?
Mwaka 1969 Boy alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa mbuga, na George akalazimika kuondoka Meru. Alihamia Kora, ng'ambo ya mto Tana. Huko, mwaka 1971, Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, naye George akampiga risasi simba huyo.

Je, wajua kwamba duka la fanicha la London lilileta simba Kora?
Vijana wawili wa Australia walimnunua mwanasimba Christian katika duka la Harrods mwaka 1969, wakamfuga kwenye duka la fanicha. Travers na mkewe waliingia humo siku moja wakamkuta. Travers ndiye aliyewaunganisha na George, na mwaka 1970 Christian akasafirishwa hadi Kora.

Je, wajua kwamba ndovu mmoja ndiye aliyemgeuza mwigizaji kuwa mwanaharakati?
Pole Pole aliigiza na Travers na McKenna akiwa mtoto, kisha serikali ya Kenya ikamtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Alikufa mwaka 1983, akiwa bado kijana kwa umri wa ndovu. Mwaka uliofuata wawili hao walianzisha Zoo Check, shirika la kupinga wanyama kufungiwa, ambalo leo linaitwa Born Free.

Je, wajua kwamba kazi hiyo imerudi Meru?
Mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo cha Travers, shirika hilo lilianzisha mradi wa Pride of Meru: kufuatilia simba wa mbuga na kuondoa mitego ya nyaya ya majangili. Filamu iliwafanya watu wa mbali wampende simba mmoja. Mradi huu unawalinda wale ambao hawana hata majina.