Motokaa Kuukuu na Safari ya Kila Siku

Tangu barabara ya Morogoro ilipopanuliwa baina ya Kimara na Kibaha, kiasi cha kilomita 19.2, na viwanja vya Kibaha na Mlandizi vikazidi kuwavuta watu waliochoshwa na kodi za nyumba za mjini, wamekuwa wengi walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara wa kadiri ambao hulala mkoa wa Pwani na kuchuma riziki yao Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo, akisha kugombania daladala alfajiri kwa miezi kadhaa na kurejea usiku akiwa hoi, huanza kuiwaza motokaa yake mwenyewe. Na maadamu mshahara haumruhusu kununua mpya, wala hata ile iliyoshushwa bandarini juzi, macho yake huelekea kwenye gari kuukuu lililokwisha pita mikononi mwa watu wawili watatu. Hapana aibu katika jambo hilo. Gari kuukuu lililochaguliwa kwa busara na kutunzwa kwa uaminifu humtumikia mwenyewe miaka mingi. Lakini lililonunuliwa kwa pupa humfilisi, kwa sababu bei anayoitaja muuzaji ni sehemu ya kwanza tu ya bei ya gari, na sehemu iliyobaki hudaiwa barabarani, aghalabu siku ambayo mfuko ni mtupu.

Yafaa basi kutanguliza hesabu. Kutoka Maili Moja, Kibaha, hadi katikati ya mji ni kama kilomita 40, yaani 80 kwenda na kurudi. Mwenye kusafiri siku 5 kwa juma hutimiza kilomita 400, na katika majuma 50 ya kazi hutimiza 20,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litakunywa lita 2,000 kwa mwaka, na linalokwenda kilomita 14 halitafika lita 1,430. Tofauti hiyo ya lita 570 na zaidi, ikizidishwa kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, itamwonyesha mnunuzi kwamba gari la injini kubwa, ambalo muuzaji amelipunguzia bei kwa sababu hiyohiyo, laweza kuirudisha nafuu yote kituo cha mafuta. Isitoshe, oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 itabadilishwa mara 4 kwa mwaka, wala si mara 2 kama wafanyavyo wale ambao magari yao hutoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi.

Magari yenyewe, kwa sehemu kubwa, hutoka Japani, nchi inayoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, na ambayo sheria yake hutaka gari la binafsi likaguliwe miaka 3 baada ya kuandikishwa likiwa jipya, kisha kila miaka 2, kwa gharama ambayo huwafanya wenyewe wengi waone heri kuliuza kuliko kulikagulisha tena. Kenya haipokei gari lililopita umri wa miaka 8. Tanzania hupokea, ila huyatoza makuukuu ushuru wa ziada. Kwa ajili hiyo mnunuzi wa Tanzania hana budi kuwa macho na ile desturi ya mjini ya kupima gari kwa herufi ya namba yake, watu wakisema “hii ni namba D” au “ile bado namba B”, kana kwamba herufi ni cheti cha umri. Herufi husema tu ni wakati gani gari liliandikishwa hapa nchini. Toyota Vitz mbili zilizotoka kiwandani mwaka 2002 zaweza kuwa moja namba B na nyingine namba D. Chuma chao ni cha umri mmoja, na iliyo namba D imezidiwa tu kwa miaka ya kukanyaga mashimo yetu. Mwaka wa kuundwa umeandikwa katika kadi ya gari, na huo ndio wa kuutazama kwanza.

Je, anunue gari lipi? Kwa safari ndefu ya kila siku, gari bora ni lile ambalo fundi wa mtaani amekwisha lifungua mara nyingi na ambalo spea zake hazikosekani Ilala wala Gerezani. Mathalan injini ya Toyota ya 1NZ-FE, yenye sentimita za ujazo 1,496, imefungwa katika IST, Raum, Spacio, Allex, Probox na Premio ndogo, hata kifaa kilichokosekana kwa jina la gari moja hupatikana kwa jina la jingine. Valvu za injini hiyo huendeshwa kwa cheni ya ndani, ilhali Corolla 110 iliyoitangulia hutumia mkanda unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000; na kama muuzaji hana ithibati kwamba ulibadilishwa, mnunuzi ahesabu kuwa haukubadilishwa. Kinyume chake, magari ya anasa kutoka Ulaya, ambayo hushuka bei upesi yakizeeka, huwahadaa watu kwa viti vya ngozi, kisha spea moja ikala mshahara wa mwezi mzima.

Mwenye kwenda kulitazama gari na aende mapema, saa 12 asubuhi ikiwezekana, na amwombe muuzaji asiliwashe kabla hajafika. Aweke kiganja juu ya boneti. Akihisi vuguvugu, ajue injini imekwisha pashwa moto, na injini iliyopashwa huficha aibu zake. Likiwashwa, moshi mweupe mwembamba unaopotea upesi ni mvuke tu. Mweupe mzito usiokoma ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, wa bluu ni oili inayoungua, na mweusi ni petroli iliyozidi. Oili ya geaboksi ya otomatiki, ikiwa kuna kijiti cha kuipimia, yapasa kuwa nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, geaboksi inaaga. Kisha, kwa kuwa mvua za masika hufurisha Jangwani na mabonde mengine ya jiji, na gari lililozama huoshwa likarudi sokoni likimeremeta, kila mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho wake: muuzaji huosha sehemu ionekanayo, na ile inayolala ndani ya nguzo ya gari hubaki na mstari wa tope. Hata matairi yasomwe. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, zipo tarakimu 4. Zikiwa 2319, tairi liliundwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lililokwisha timiza miaka 10 ni gumu na hupasuka katika joto la safari ndefu, na ni bora kuingiza bei ya matairi mapya katika mapatano kuliko kuingiza watoto katika hatari.

Mambo ya karatasi hayahitaji maneno mengi, ila yanahitaji uthabiti. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi. Jina la kwenye kadi lilinganishwe na kitambulisho cha anayepokea fedha, kwa kuwa kadi nyingi huwekwa rehani kwa wakopeshaji na dalali asiseme. Madeni ya faini za barabarani na ya maegesho yaulizwe kabla ya fedha kutoka. Na umiliki uhamishwe TRA mara moja, maana gari lililobaki kwa jina la mtu mwingine ni mali isiyo na mwenyewe siku ya ajali.

Gari likisha kuwa lako, usilitie safarini kesho yake. Katika fedha yako ya ununuzi yapaswa kubaki robo, nayo hiyo robo ni ya gari, wala si ya redio wala rangi. Badilisha oili na chujio lake, chujio la hewa, plagi, oili ya geaboksi, mafuta ya breki na maji ya rejeta. Kagua pedi, bushi, boljointi na shokapu. Kisha ufungue daftari uandike tarehe, kilomita na kilichofanywa, ili hesabu ya kila kitu ianze upya kwa mkono wako. Jihadhari na gari lenye geaboksi ya CVT, ambayo hutaka oili yake maalumu. Likitiwa oili ya otomatiki ya kawaida, huharibika hata kama jana lilikuwa zima.

Yapo mazoea mawili ya gereji zetu ambayo mwenye safari ndefu anapaswa kuyakataa. La kwanza ni la thamostati. Gari likichemsha, fundi hukitoa kifaa hicho kidogo cha shaba na chuma, akakishika kiganjani akisema, “Bosi, hiki tukitoe tu, nchi yetu ya joto.” Ukweli ni kwamba thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ifikie joto linalotakikana, kama nyuzi 82 katika injini nyingi za Toyota, ndipo ikafunguka. Ikiondolewa, injini hubaki baridi mno katika barabara iliyo wazi, hula petroli zaidi, oili hukusanya uchafu, na ile sababu ya kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba kwa maji ya chumvi ya kisimani, feni iliyokufa au pampu inayovuja, hubaki palepale ikisubiri foleni ya mchana. Tiba ni kutafuta sababu hiyo, na kutia maji maalumu ya rejeta badala ya ya bomba. La pili ni kuitia oili nzito injini ya VVT-i ili “isile oili”. Injini hizo husukuma oili katika vijia vyembamba ili kuongoza valvu na kuikaza cheni. Oili nzito huchelewa kufika, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, na cheni ndiyo inayolipa. Tumia ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, aghalabu 5W-30, na kama injini inakula oili kweli, tafuta mahali inapokwendea.

Fundi mwema ni akiba kuliko spea. Mchague mmoja, mheshimu, mlipe ujira wake bila kumzungusha, na umtake akuonyeshe kila kifaa anachokitoa. Kwa upande wa spea, zilizotumika zilizovuliwa kutoka magari ya Japani hufaa kwa milango, taa na hata geaboksi. Lakini pedi za breki, boljointi, tairodi na mikanda zinunuliwe mpya tena za kuaminika, kwa sababu kifaa cha namna hiyo kikivunjika katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hakuna nafuu ya bei itakayomfaa mtu.

Wewe nawe una wajibu wako wa kila Jumapili jioni: kijiti cha oili, maji ya rejeta wakati injini ni baridi, upepo wa matairi kulingana na kibandiko cha mlangoni mwa dereva, na taa zote. Ni kazi ya dakika 10. Sauti mpya isikilizwe siku ileile, na kipimo cha joto kikipanda, simama pembeni uzime injini. Wengi waliosema “nifike tu nyumbani” walifika, ila silinda hedi ilikuwa imekwisha pinda. Na ikitokea matengenezo ya mwaka mmoja yakakaribia bei ambayo gari lingeuzwa, au chuma cha sakafu na nguzo kikaliwa na kutu ya hewa ya pwani, liuze kwa kusema kweli, wala usilipambe ili kumtwika mwenzio mzigo uliokushinda.

Ndugu msomaji unayejiandaa kununua gari, kabla hujaonana na dalali, keti na karatasi uandike petroli ya mwezi, oili ya miezi mitatu, matairi, bima na akiba ya gereji. Kama mshahara wako unayabeba hayo yote, nunua gari dogo, la kawaida, zima, ulitunze. Kama hauyabebi, endelea kupanda daladala mwaka mmoja zaidi ukiweka akiba, kwa maana gari usiloweza kulitunza ni ghali hata ukipewa bure.