Jino linauma: mituweli yako inalipa nini?

Ndugu memba, jino haliulizi msimu. Linaanza kuuma usiku, wakati wa kupalilia, na mfukoni hamna kitu. Wengi wetu hapa Rugenge tunanunua dawa ya maumivu, tunangojea. Shavu likivimba, njo tunauza mpunga tuliouweka kwa mbegu.

Mituweli ya afya inasaidia tusifike hapo. Kila familia inatoa mchango kwa mwaka. Mgonjwa akifika kituoni, mituweli inalipa sehemu kubwa, naye anamalizia iliyobaki. Kongo ina sheria ya mituweli tangu tarehe 8 Februari 2017. Lakini mituweli zote hazifanani, na kwa upande wa meno tofauti ni kubwa.

Tufanye mfano. Tuseme kung'oa jino ni franka 20.000 na kuliziba ni 40.000. Mituweli ya kwanza inakuachia 20 kwa mia, lakini inalipia kung'oa tu. Ya pili inakuachia 50 kwa mia, ila inalipia yote mawili.

- Kung'oa: kwa ya kwanza unatoa 4.000, kwa ya pili 10.000.
- Kuziba: kwa ya kwanza unatoa 40.000 yote, kwa ya pili 20.000.

Ya kwanza inaonekana rahisi. Kumbe inakusukuma ung'oe jino ambalo munganga angeliponya. Na jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Kabla ya kutoa makuta, uliza:

1. Inalipia kazi gani za meno: kung'oa, kuziba, kusafisha? Meno ya bandia je?
2. Sehemu yangu ni ngapi kwa mia?
3. Nikiingia leo, nitangojea miezi mingapi kabla ya kutunzwa?
4. Kuna kiasi kisichopitwa kwa mwaka?
5. Nitatunzwa wapi? Lazima nianzie kituo cha afya, nipewe karatasi ya kwenda hospitali?
6. Karti inahesabu watoto wote wa nyumba?

Usikasirike ukiambiwa ungojee. Kama kila mtu angeingia siku jino linapouma, sanduku lingekauka haraka. Wazima wa leo wanabeba wagonjwa wa leo. Kesho ni zamu yao.

Hapa kooperative ina nguvu. Familia hamsini zikienda pamoja, zinaweza kuomba kuziba meno kuingizwe katika mapatano, na mchango ulipwe baada ya mavuno, si wakati wa njaa. Mapatano yaandikwe, yasomwe mbele ya memba wote.

Angalisho: uvimbe wa shavu au shingo pamoja na homa, ama kushindwa kumeza au kupumua, ni hatari ya kifo. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo, uwe na karti au usiwe nayo.

Na kila siku, asubuhi na jioni, piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi. Hiyo haihitaji mituweli.