Kipanya hakiingizi chaji? Pima waya kwanza, kabla hujagombana na mteja

Leo nawapa kisa changu mwenyewe. Kilinigharimu hela kidogo na aibu kubwa.

Nauza vifaa vya kompyuta mtandaoni: flashi, kibodi, chaja, vipanya. Duka langu ni meza moja chumbani na simu. Mwezi uliopita nilichukua Kariakoo vipanya 10 vya bila waya, vile vya kuchaji kwa USB, kila kimoja 11,000. Nikavitangaza kwa 18,000. Cha kwanza kikapanda basi kwenda Morogoro, kwa dada mmoja mwalimu.

Kesho yake akaniandikia: "Mdogo wangu, hiki kitu hakiingizi chaji." Nikamjibu haraka haraka: "Dada, kwangu kimetoka kizima, labda umekiangusha." Akasoma, akanyamaza.

Ukweli? Sikuwa nimekipima. Nilifungua boksi, nikapiga picha ya tangazo, nikafunga.

Roho ikanisuta. Nikavichomeka tisa vilivyobaki kimoja kimoja. Vitatu havikuwasha hata taa ya chaji! Nikarudi nilikonunua, nikaambiwa mali ikishatoka haibadilishwi. Piga hesabu: vitatu pamoja na cha Morogoro ni 44,000. Kwa mtaji wangu hiyo si hela ya kuacha iende hivi hivi. Nikakaa chini kutafuta tatizo.

1. Anza na waya. Nilichukua waya wa simu yangu ya zamani wenye kichwa kile kile cha micro-USB. Viwili vikawaka hapo hapo. Kumbe kipanya ni kizima, waya mfupi uliokuja nacho kwenye boksi ndio mbovu.

2. Angalia tundu. Cha tatu kiliwaka pale tu nilipoukandamiza waya upande mmoja. Nikakizima, nikamulika na tochi. Ukikuta vumbi, litoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano, itagusanisha pini. Changu hakikuwa na vumbi, tundu lenyewe lilikuwa linacheza.

3. Kufungua ni hatua ya mwisho. Skrubu zilikuwa zimefichwa chini ya stika. Nikachomoa betri kwanza. Nikaona tundu limeachia kwenye bodi, na la kubadilisha sikulipata. Nikaenda kwa jirani yangu fundi simu, tukaunga-unga. Tulikata waya wa chaja uliokufa kichwa. Ndani una nyaya nne: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, kijani na nyeupe ni za data. Kuchaji kunahitaji nyekundu na nyeusi tu. Fundi akapima kwanza kuhakikisha rangi hazidanganyi, kisha akazilehemu pale zilipokaa pini mbili za pembeni za tundu, maana hizo ndizo zinazobeba umeme. Kijani na nyeupe tukazifunga kwa selotepu, kila moja peke yake. Tukapiga fundo kwa ndani na kuweka gundi ya moto, ili waya ukivutwa using'oke. Taa ikawaka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Mimi nilitaka kuunga waya moja kwa moja kwenye betri, nikidhani ndiyo njia ya mkato. Fundi akanishika mkono: "Dogo, unataka kuchoma nyumba?" USB inatoa volti 5. Betri ile ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2. Kwenye bodi kuna saketi ndogo ya kuuzuia umeme usizidi. Ukiiruka, betri inavimba na inaweza kushika moto. Kama huna uhakika, mpe fundi. Na cha kuunga-unga kichaji ukiwa unakiona, siyo juu ya godoro.

Hicho chenye mkia wa waya sijakiuza. Ningeweza kukipachika gundi na kumtumia mtu wa mbali kama kipya, lakini ningekuwa namwibia. Nakitumia mwenyewe.

Nikampigia mwalimu, nikamwambia ajaribu waya wa simu. Kikawaka. Nikamwomba radhi na kumrudishia 2,000 ya waya mwingine. Akasema, "Sawa mdogo wangu, lakini yale maneno yaliniuma." Hajaagiza tena mpaka leo.

Vile viwili nimeviuza, nikiwa nimeweka waya mpya wa 2,000 kila kimoja. Kwa hiyo badala ya 44,000 nimeumia 17,000: nyaya tatu na kipanya kimoja. Mteja sijui nimpigie hesabu ya shilingi ngapi.

Siku hizi kila kifaa cha kuchaji nakichomeka dakika 10, kwa waya wake wa kwenye boksi, kabla ya kukifunga. Nachukua video fupi taa ikiwa inawaka, namtumia mteja. Akilalamika, swali langu la kwanza ni: "Dada, umejaribu waya mwingine?"

Wewe mzigo wako unaupimaje kabla haujapanda basi? Tupeane uzoefu hapo chini.