Saini ya Nani? Vyeti vya Kidijitali na Malango ya Wavuti, kwa Macho ya Tabora

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, umefika Tabora kama ulivyofika mikoa mingine, na pamoja nao limefika tatizo linalozisumbua ofisi za Dar es Salaam na Nairobi vilevile: mtumishi hufungua tovuti aliyoizoea, kivinjari kikakataa, kikidai kwamba cheti cha tovuti hiyo hakiaminiki. Cheti hicho ni faili dogo linalotaja jina la tovuti, ufunguo wake wa hadharani unaosaidia kuyafumba mawasiliano yasisomwe na watu wa kati, tarehe ya kuisha muda wake, na saini ya kidijitali ya aliyekitoa. Uzito wote uko kwenye saini.

Njia ya kale ya misafara, iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Ujiji, iliijua haja ya saini inayoaminika. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa na barua za utambulisho kutoka Unguja, mojawapo ikienda kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishi Kaze. Barua ile ilikuwa na nguvu kwa sababu aliyeiandika alijulikana huko ilikopelekwa. Msafiri aliyejiandikia utambulisho na kuutia saini yake mwenyewe huenda angekuwa mkweli kabisa, lakini mwenyeji asingekuwa na pa kuuthibitishia. Ndivyo kilivyo cheti kilichojitia saini chenyewe: aliyekitoa ndiye aliyekipokea, na kompyuta, ambayo huuzwa ikiwa na orodha ya mamlaka za vyeti inazoziamini, haimkuti katika orodha hiyo.

Katika ofisi, cheti cha namna hiyo huweza kutokana na lango la usalama wa wavuti. Lango hilo hukaa kati ya watumishi wa taasisi na intaneti, na likiwa la wingu, mitambo yake imo katika vituo vya data vya kampuni inayolikodisha, pengine katika nchi nyingine. Kazi yake ni kuzuia virusi na tovuti za kitapeli. Na kwa kuwa mawasiliano mengi ya wavuti siku hizi yamefumbwa, lango huyafumbua, huyakagua, kisha huyafumba upya kwa cheti linachokitengeneza papo hapo kwa jina la tovuti ileile. Cheti hicho hutiwa saini kwa cheti-shina, yaani cheti kinachotumika kutia saini vyeti vingine, cha lango au cha taasisi, ambacho kwa kawaida kimejitia saini chenyewe, kama vilivyo vyeti-shina vya mamlaka maarufu. Tofauti ni kwamba vya mamlaka hizo vimo katika orodha tangu mwanzo, na hiki hakimo mpaka kiwekwe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukifungua cheti chenyewe katika kivinjari na kusoma kimetolewa na nani. Likionekana jina la lango la taasisi, inaelekea cheti-shina hakijawekwa katika kompyuta hiyo, na mtaalamu wa TEHAMA anapaswa kukisambaza kwa mashine zote kutoka mahali pamoja, baada ya kulinganisha alama yake ya utambuzi, yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu 64 wa SHA-256, na ile iliyotolewa na msimamizi wa lango. Hata hapo kazi huwa haijaisha, kwa sababu mifumo ya kuendeshea programu kama Java, Python na Node.js mara nyingi hutumia orodha zao zenyewe, hivyo kivinjari hufunguka vizuri huku programu ya hesabu ikiendelea kugoma. Node.js, kwa mfano, huonyeshwa cheti cha ziada kwa kigezo kiitwacho NODE_EXTRA_CA_CERTS. Wengi wakifika hapo huchoka na kuuzima uhakiki wote. Kosa hilo ni kubwa kuliko tatizo lililokuwapo, kwa kuwa programu hiyo sasa itampokea yeyote atakayejipachika jina la seva.

Jina likiwa geni kabisa, mtumishi asimame na kuuliza. Ikiwa tovuti yenyewe ndiyo iliyojitia saini, uamuzi ni wa lango, na hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu mtumiaji hakioni tena cheti cha asili: lango likikubali kimyakimya, litamkabidhi cheti kisicho na doa juu ya tovuti yenye walakini, na onyo litakuwa limefutwa. Afadhali lizuie, kisha mifumo michache inayojulikana iruhusiwe kwa majina. Gharama nayo si kisingizio kwa tovuti za hadharani, maana mamlaka ya vyeti ya Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bila malipo tangu mwaka 2015.

Programu za simu za benki mara nyingi hukataa cheti chochote isipokuwa kile zilichofundishwa kukitambua, na ni haki lango liziache zipite bila kuzifumbua. Kurasa za matibabu zistahiwe vivyo hivyo, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, na watumishi waelezwe waziwazi kinachokaguliwa. Uzito wa jambo hili ulionekana Kazakhstan: Julai 2019 wananchi walitakiwa kuweka cheti-shina cha serikali katika vifaa vyao. Agosti mwaka huohuo Google, Mozilla na Apple zilikizuia katika vivinjari vyao, kwa kuwa mwenye ufunguo wa siri wa cheti kama hicho anaweza kusoma mawasiliano ya kila aliyekikubali.