Grupu inanguruma, batri haijai: sababu ni nini?

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama unayelinda nyumba wakati wa zamu ya usiku, jambo hili mnalijua. Katika mitaa mingi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, umeme ukikatika jioni, watu huwasha grupu ndogo ya esansi. Wanaifunga na batri ya motokari, ili grupu ikizimwa, batri iendelee kuwasha taa mbili tatu, redio ao televizioni. Kisha malalamiko yanaanza: «Nimechoma litri mbili za esansi, na saa tatu usiku taa zimekwisha kuzimika!» Mmoja anasema batri ni mbaya, mwingine anasema grupu ni mbaya, na feza ya mwezi inakwenda kununua kitu kipya ambacho pengine hakikuhitajiwa. Tena, katika kutafuta kosa, watu wanaumia. Ndiyo maana tunaandika habari hii katika ukurasa wa usalama.

Kwanza ujue unashika kitu gani. Kobalti ya Kolwezi inasafiri mbali kuingia katika batri za simu na za motokari za umeme, lakini batri iliyo chini ya meza yako, mara nyingi, ni ile ya zamani ya risasi na asidi, aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja chenye volti 2 na kidogo. Kama batri yako ni ya litiamu, inataka chombo chake chenyewe cha kujazia. Usiifanyie haya tunayoandika hapa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Grupu ndogo nyingi zina tundu lenye maandishi ya volti 12. Tundu hilo hutoa karibu ampere 8 tu. Batri ya ampere-saa 100 iliyotumiwa hadi nusu inadai ampere-saa 50. Gawanya 50 kwa 8: ni saa 6 na zaidi, na kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea kama joto, sema saa 7 ao 8. Mtu aliyewasha grupu kwa saa moja na nusu ameirudishia batri ampere-saa 12, wala hata hizo hazifiki zote. Hapo grupu haina ugonjwa na batri haina ugonjwa.

Iliyo bora ni kununua chombo cha kujazia cha volti 220, chenye kujipunguza chenyewe batri inapojaa. Batri ya asidi ya kawaida inapenda sehemu moja ya kumi: kwa batri ya 100, ampere 10. Ukiilazimisha ampere 30 ili umalize upesi, unaipika. Na chombo hicho kina faida nyingine: umeme wa kawaida ukiwapo mchana, unakichomeka ukutani, na grupu inapumzika. Esansi ni ghali, ndugu.

Kama hesabu ni sawa na bado batri haijai, pima. Voltimetri ndogo si ya bei kubwa. Hata jirani wanne wanaweza kununua moja pamoja. Zima kila kitu, acha batri itulie saa chache, kisha pima juu ya vichwa vyake viwili. Volti 12,6 ao 12,7 ni batri iliyojaa. Volti 12,2 ni nusu. Chini ya 12 ni karibu tupu. Ikiwa inabaki kwenye 10,5 hata baada ya kujazwa muda mrefu, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hakuna fundi wa kukifufua.

Sasa washa grupu na pima tena. Namba sherti ipande: ipite 13, na mwishoni ifike karibu na 14,4. Ikibaki pale pale, kwa mfano 12,1, basi umeme haufiki kwenye batri. Angalia kidude cha usalama kando ya tundu la volti 12: kimeruka? Kibonyeze. Angalia fuzibo. Grupu nyingine zina kitufe cha kupunguza mwendo ili kuokoa esansi. Kwa kujaza batri katika tundu la volti 12, kitufe hicho kifungwe, maana motere ikienda pole pole, nguvu inayofika ni ndogo. Angalia pia waya. Waya mwembamba kama ule wa redio, mrefu mita kumi, unakula volti njiani, na unapata moto.

Lakini kosa linaloonekana zaidi liko kwenye vichwa vya batri. Unaona ule unga mweupe ao wa kijani? Huo unazuia umeme kupita. Wakati grupu inajaza, weka ncha ya voltimetri juu ya kichwa chenyewe cha batri, na ncha nyingine juu ya kifungo cha waya wake. Tofauti ikifika nusu volti, umekwisha kumwona mwizi. Zima grupu, ondoa kwanza waya wa alama ya –, kisha wa +. Hakikisha vifuniko vya batri vimefungwa, sugua vichwa kwa brosi na maji yenye bikarbonati kidogo, kausha, rudisha wa + kwanza, kaza, pakaa vazelini. Saa nusu ya kazi, na mara nyingi batri «iliyokufa» inafufuka.

Ikiwa namba inapanda upesi sana, dakika chache tu imefika 14 na zaidi, lakini ukiwasha taa inaanguka kwenye 11, ugonjwa ni mwingine. Batri hiyo iliachwa tupu majuma mengi, na sahani zake za risasi zimeshika ganda gumu. Dawa zinazouzwa barabarani za kufufua batri za namna hiyo, mimi siziamini.

Kama batri ni ya kufunguliwa, tazama maji yake. Sherti yafunike sahani. Ongeza maji distile tu, si ya bomba, si ya kisima, wala asidi. Jaza mpaka alama baada ya kuchaji. Kabla yake, ongeza kiasi cha kufunika sahani tu, maana maji hupanda wakati batri inajazwa.

Hapa tusimame, maana kuna hatari mbili ambazo hazionekani kwa macho.

Hatari ya kwanza ni hewa ya hidrojeni. Batri inapokaribia kujaa, maji yake yanachemka vipovu, na vipovu hivyo ni hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua, na asidi inaruka usoni. Kwa hiyo usitazame ndani ya batri kwa bujia ao kiberiti, tumia tochi. Usivute tumbako karibu. Usijaze batri ndani ya kabati ao chini ya kitanda. Iweke pahali penye hewa. Waya zifungwe na kufunguliwa wakati grupu imezimwa. Batri ikiwa moto sana mkononi, ao ikinuka kama yai bovu, zima na ondoka. Asidi ikigusa jicho, osha kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Usingoje maumivu yapungue. Ikimwagika juu ya nguo, vua nguo.

Hatari ya pili inaua watu wengi kwa mara moja. Wenzetu wanaofanya kazi chini ya udongo, kama kule Kipushi na Kamoto, wanajua kwamba baada ya kupasua mawe kwa baruti, mtu haingii mpaka hewa isafishwe. Moja ya sumu za moshi ule ni monoksidi ya karboni. Hiyo hiyo inatoka katika bomba la moshi la grupu, kama inavyotoka katika mbabula ya makala. Haina harufu, haina rangi. Katika damu inashika nafasi ya oksijeni, na inashikamana nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe.

Sasa fikiri: grupu inataka saa 7 ili kujaza batri. Mtu anaogopa wezi ao mvua, anaiingiza jikoni, ao anaiweka kwenye barza chini ya dirisha, na watoto wanalala. Dirisha lililofunguliwa kidogo haliwaokoi. Grupu ikae nje, mbali na nyumba mita 6 ao zaidi, bomba la moshi likielekea upande usio na mlango wala dirisha, na nyumba ya jirani usiisahau. Kwa wezi, tumia mnyororo na kufuli. Kwa mvua, kipaa kidogo kilicho wazi pande zote.

Alama zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mama, hapa uwe macho: mtu anaweza kusema ni malaria. Lakini kama watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa saa moja, tena bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute vidonge. Toa wote nje mara moja, fungua milango, zima grupu, peleka hospitali na useme wazi: «Tulikuwa na moshi wa grupu.» Mganga atajua kutoa oksijeni. Aliyezimia msimwache alale «apumzike».

Batri iliyokufa kabisa nayo isibaki uani. Risasi yake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, wanaotia mikono mchangani kisha mdomoni. Inaharibu ubongo na damu. Huko Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watu walikuwa wakipasua batri za zamani na kuchekecha udongo ili kupata risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Usiivunje, usiyeyushe risasi kwenye mbabula inayopikia bukari, usimwage asidi katika shamba la mboga. Ibebe ikiwa imesimama, vifuniko vimefungwa, kwa muuza batri anayepokea za zamani, na ukirudi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.