Unakaa Wapi? Pantelimon!

Mpenzi mpya akikuuliza unakaa wapi, unautaja mtaa wenu au wa jirani wenye jina? Tusidanganyane! Pantelimon, mashariki mwa jiji la Bucharest, Romania, ni mtaa wa kukutia kigugumizi hivyo: maghorofa ya zege ya enzi za Ukomunisti, maskani ya wafanyakazi wa viwandani. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka 1989, ajira nyingi zikayeyuka, sifa mbaya zikabaki.

Wewe ungeficha. Masela Tataee, Caddillac na Uzzi wa B.U.G. Mafia, kundi la hip hop lililoanza 1993, hawakuficha. Albamu yao ya 1996 waliipa jina lenye maana ya "Aliyezaliwa na Kukulia Pantelimon". Anwani nzima kwenye kava! Mistari yao mikali (siyo ya kusikiliza na mama mkwe), lakini hakuna demu wa Bucharest aliyehitaji kuwauliza wanakaa wapi.